Hamsini Zangu

Elfu kumi na nane, na mia nne za juu.
Nimezihesabu kwenye simu mara tatu nikipanda ngazi
za jengo lile la Luthuli ambalo lifti yake
ilikufa kabla sijaanza kazi.
Pesa za lenzi moja. Si mbili.
Ile ya zamani iliangukia sementi pale uwanja wa KICC
siku ya mahafali, ikalia kama kikombe,
na tangu hapo pete yake inasaga mchanga.

Mbaluka ana kabati la kioo na ufunguo shingoni.
Akazitoa, akazipanga juu ya kitambaa cha kijani
kama mtu anayeandalia wakwe chai.
"Chagua, Kerubo. Kuangalia si kununua."
Uongo. Kwa Mbaluka kuangalia ni nusu ya bei.

Nikaanza na ndefu, ya mia tatu,
nikailenga ng'ambo ya barabara, ghorofa ya nne:
mwanamke kavua kiatu, kakalia katoni ya spika,
anakanda kisigino, anaongea nacho.
Niliona soksi ilivyotoboka.
Niliona mdomo ukisema neno nisilolijua.
Yeye hakuniona,
na kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe.
Nikaishusha. Shingo ilinipata moto
kama aliyefumaniwa akisoma barua isiyo yake.

Kisha ile pana, ya kumi:
mtaa mzima ukaingia, mikokoteni, nyaya, mawingu,
hata kiwiko cha Mbaluka pembeni,
na majengo yakainamiana kama walevi wanaosengenya.
Kila kitu kimo.
Sikuona kitu.

"Na hii?"
Ndogo, nyepesi, milimita hamsini,
haivuti wala hairudishi.
Nikamlenga Mbaluka: pua tupu.
Nikarudi nyuma: pua na mashavu.
Nikarudi tena, mgongo ukagonga rafu ya chaja,
na hapo ndipo alipoingia, mzima,
na mvi mbili za sikioni alizozisahau kinyozi,
na uchovu ambao mdomo wake hauuzi.
"Zumu yake ni miguu yako," akacheka.
Nikawasha tochi, nikachungulia ndani:
uzi wa kuvu ukingoni, mwembamba kama unywele wa kichanga.
"Hautaonekana kwenye picha."
"Utaonekana kwenye bei."
Akashuka elfu mbili. Akaguna. Akashuka mia tano.

Kesho yake mteja wa kwanza alikuwa Lokwang,
joho la kukodi, viatu vya kuazima.
"Nataka mimi na jengo lote, mpaka kile kikofia cha juu."
Nikarudi nyuma. Nikapita bendera.
Nikapita muuza njugu, akanifuata akidhani nanunua.
Nikafika ukingo wa barabara na jengo bado halijaisha.
"Kidevu juu!"
"Nini?"
Askari wa lango akamwonyesha kwa kidole chake mwenyewe.
Lokwang alikuwa punje ya mchele iliyovaa kofia.

Nikarudi mbio, nahema.
Nikamwambia, jengo hili halilipi karo,
halikulala njaa muhula wa pili,
na kesho litakuwa papa hapa. Joho lako ni la saa mbili.
Nikasimama hatua nne kutoka kwake.
Alinuna. Halafu akasahau kununa,
sijui alikumbuka nini, na hapo nikabonyeza.

Akaitazama muda mrefu.
"Hiyo rangi ya udongo hapo nyuma ndiyo KICC?"
"Ndiyo."
"Mama ataijua?"
"Atakujua wewe."
Akalipa ya picha moja, ingawa tulipatana mbili.

Wenzangu kwenye ngazi, wenye lenzi za kumeza kila kitu,
wakanipigia kelele: "Kerubo! Jengo umelipeleka wapi?"
Nikapangusa kioo kwa ncha ya leso,
nikakiacha kile kiuzi mahali pake,
nikashika hamsini zangu.