Mguu wa Kisubi

Wiki ya kwanza tulipiga mwale ukutani
na ukuta ukatujibu kwa doa jekundu, pasipo mahali pake.
Nyanzobe akasema, umekwenda kulia.
Lubango akasema, ni ukuta uliokwenda kushoto.
Tukacheka. Bado tulikuwa na nguvu za kucheka.

Chumba chetu kilikuwa ghala la barafu la wachuuzi wa sangara,
Igogo, nyuma ya gereji;
mvua ikinyesha, sakafu hukumbuka samaki.
Humo tunazifundisha lenzi tatu
kusimama mstarini kama watoto wa darasa la kwanza,
na hakuna anayependa kusimama.

Skrubu ya juu, robo mzunguko.
Ya ubavuni, unywele mmoja tu, alisema Mwalimu Magesa,
na Lubango, mwenye upara, akauliza unywele wa nani.

Mchana malori hupita na shehena yao
na meza ya zege huyaitikia.
Mistari mitatu ya kipimo hushikana mikono, ikawa mmoja.
Basi tukahamia usiku. Saa nane,
hata mawe ya mlimani yameshapumua joto la jua
na yamenyamaza.

Wiki ya nne likaja wingu.
Refu, la kijivu, katikati ya kila picha.
Tulilifuata kwa kila skrubu tuliyo nayo,
tukafungua tulichofunga, tukafunga tulichofungua,
tukaandika daftarini sababu tano,
zote kwa wino.
Nililaumu kiwanda. Nililaumu umeme.
Nilimlaumu Lubango, kimoyomoyo,
kisha kwa sauti.
Siku mbili hatukusalimiana.

Nyanzobe ndiye aliyeishika lenzi ya pili
akaizungusha papo hapo, bila kuisogeza,
na wingu likazunguka nayo.
"Kumbe linaishi humu," akasema,
kama mtu aliyegundua mpangaji asiyelipa kodi.
Akamulika kurunzi kwa upande.

Mguu.
Mguu mmoja wa kisubi wa ziwani,
katika wale wanaopanda kutoka majini kama moshi
jioni isiyo na upepo, wakazijaa taa zote za Kirumba.
Mwenyewe alikuwa amekwenda zake zamani,
ametuachia mguu tuutafutie hesabu.

Nikamwambia Lubango, haya.
Naye akasema, haya.
Akanisogezea kikombe cha uji, uliokwisha poa.

Jana tumepima tena.
Kundi la tano la mistari linasomeka.
La sita linasomeka ukibana pumzi.
Tukaweka gamba la dagaa, kwa hamu tu,
likaonyesha duara ndani ya duara ndani ya duara,
na hakuna aliyesema neno mpaka jenereta ya jirani ilipokohoa.

Ila ukingo wa kushoto, Mwalimu, bado.
Huko kila nukta ina mkia, kama kiluwiluwi,
na yote inaogelea upande mmoja.

Umeniuliza tumefika wapi.
Fungua ukurasa wa thelathini na moja:
mguu nimeubandika kwa selotepu, usiung'oe.
Chini yake nimeandika: lenzi ya tatu imeinama, nadhani,
skrubu ya chini.

Hiyo nimeiandika kwa penseli.