Ukurasa wa Themanini na Tatu

Arobaini ilikwishapita.
Turubai limerudishwa, masufuria ya watu yamerudishwa,
na kila aliyeniita Doto
alinyamaza kidogo baada ya jina,
kama aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.
Doto bila Kulwa ni nini?
Ndala moja mlangoni.

Nilinunua karanga za mia mbili pale Mwaloni,
si kwa njaa; mikono ilitaka kazi.
Zilifungwa kwenye ukurasa wa kitabu, themanini na tatu,
una doa la mafuta katikati.
Humo ndani mwanamke anafua shati
la mtu asiyerudi.
Analianika. Likikauka, analilowesha tena.

Karanga zikamwagika. Sikuziokota.

Maana na mimi, kule Mabatini
mawe yanakobeba nyumba mgongoni,
kitenge cha Kulwa nilishakifua mara sita
na sikumwambia mtu.
Huyu wa kitabuni alijulia wapi?

Nikamrudia Shija, muuza karanga
(Shija, yule azaliwaye nyuma ya mapacha;
kwetu hakuja).
“Kitabu chenyewe kiko wapi?”
Akavuta boksi chini ya meza:
hakina jalada,
mwanzo wameondoka nao wateja,
mwisho wameula mchwa.
“Na mimi nitafungia nini?” akauliza.
Nikampa elfu moja na gazeti la Jumapili.

Usiku nikasoma kwa tochi ya simu,
taa za wavua dagaa zimejipanga ziwani
kama mtaa uliohamia majini.
Nilisoma polepole, kidole chini ya mstari,
vile tulivyosoma wawili darasa la pili, kitabu kimoja,
yeye akifika mwisho wa ukurasa kabla yangu
na kunisubiri.

Sikupona. Kupona ni neno la Bugando,
lina kadi na foleni.
Ila ukurasa wa mia na tatu
yule mwanamke alisonga ugali, akala peke yake, akaramba vidole,
nami nikakumbuka kuna sato tangu mchana.
Nikala huku nalia. Chumvi haikupungua.

Mia na kumi na mbili: mchwa.
Sijui kama shati aliliacha likauke.

Alfajiri upepo wa ziwa ulipopanda mlima
kitenge kilikuwa kikavu.
Nikakishika kwa muda mrefu,
ndoo ya maji iko pale pale, miguuni.
Nikakitandaza kitandani,
nikafungia humo kurasa zilizobaki.

Nje jirani akaita, “Doto!”
Nikaitika
kabla kimya hakijapata pa kukaa.