Pigo la Tatu

Niliinunua kwa kilo, Vingunguti,
muuza skrepa akiipima kama nyama:
mia tatu na arobaini, na kutu haikutolewa kwenye bei.
Tukaishusha uani, Keko, kwa magogo na matusi.

Pistoni ilikuwa imeganda. Wiki tano
nikainywesha dizeli na mafuta ya breki,
asubuhi kijiko, usiku kijiko,
kama mgonjwa aliyesusa uji.
Siku ya thelathini na nane ikasogea
unene wa ukucha. Nikapiga kelele peke yangu.

Ringi alinichongea Fundi Ngwale, Gerezani;
gasketi nilikata mwenyewe kwa boksi la biskuti.
Jirani akachungulia: "Itasaga nini?"
Nikamwambia sijajua.

Jumapili nikashika hendeli,
dole gumba upande mmoja na wenzake,
maana ikirudisha teke huvunja mkono wa mjuaji.
Mara ya sita: kikohozi, moshi mweusi,
kisha tuku, tuku, tu', tuku, tuku, tu',
na maji ndooni yakaanza kutetemeka.

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.
Akasimama.
"Ya baba yako, kule Mbagala, iliruka hivyohivyo,
kila pigo la tatu. Nilikuwa nikilala naihesabu.
Ikizimwa tu, nabandika maji ya ugali."

Nikachukua spana nirekebishe vali.

"Iache," akasema.

Mkono ukabaki hewani,
mafuta yakinichuruzika hadi kwenye kiwiko.