Gundi

Gundi ya vijikaratasi vya manjano haiiwezi Mombasa.
Hiyo ni kauli yangu, na nina miaka kumi na tisa
ya kuipima hapa Mwembe Tayari, kwenye chumba cha fotokopi
chenye feni moja na mashine mbili zinazopumua moto.
Unabandika asubuhi: "Swaleh, vyeti vitatu, hajalipa."
Adhuhuri pembe imejikunja kama sikio la mbuzi.
Magharibi kiko chini, kifudifudi, vumbi limekula gundi,
na kesho yake ufagio hauulizi nani anadaiwa nini.

Nimepoteza pesa hivyo. Nyingi.
Lakini nilikuwa nikilala.

Akaja Twalib, mpwa wangu,
akaifuta ile kompyuta iliyokuwa ikikohoa virusi,
akaitia Unix ("mjukuu wa Unix, mjomba, usinikosee"),
bure, hakuna wa kukudai leseni.
Juu yake akaweka programu ndogo, vijikaratasi vya kioo.
Unabofya, kinazuka. Unaandika, kinakaa.
Uzime mashine, umeme ukatike, uende zako Hija,
ukirudi utavikuta pale pale ulipoviacha,
kama wale watu wa safu ya mbele msikitini
ambao hakuna awezaye kuwaambia sogea.

Nikamuuliza vinalala wapi. Akafungua dirisha jeusi,
akaandika amri mbili tatu, akanionyesha folda
ambayo jina lake huanza na nukta, kwa hiyo haionekani.
"Nukta tu," akasema, "na macho yanapita."
Nilitamani kuitia nukta hiyo mbele ya majina fulani.

Basi mwaka na miezi miwili nimekaa na hiki:
"Nyevu. Ratiba za mazishi, nakala 200. 2,400."
(Uso wa marehemu ulitoka mweusi mno, nikarudia. Hiyo sikuhesabu.)
Kwenye karatasi angekuwa ameanguka siku ya tatu,
kabla matanga hayajaondolewa.
Lakini Twalib alikiamuru kikae juu ya madirisha yote.
Nikimwandikia mtu barua ya kuomba kazi bandarini,
Nyevu yuko juu ya "Mheshimiwa".
Nikifungua picha ya pasipoti,
Nyevu yuko kwenye paji la uso.

Jumanne akaingia mwenyewe, na kitambulisho cha mwanawe.
Pande mbili, nakala moja, shilingi kumi.
Skrini ilikuwa imemwelekea.
Ukibofya kichwa cha kijikaratasi mara mbili
kinajikunja kama mkeka, kinabaki ukingo.
Nikabofya, kidole kimelowa jasho.
Ukingo ukabaki, na neno moja juu yake.

"Nyevu," akasoma. "Ni mimi huyo?"
"Unyevu," nikasema. "Herufi imeruka. Najikumbusha
karatasi zisikae karibu na dirisha."
Akatazama dirisha. Akatazama rimu za karatasi,
ambazo kweli zilikuwa karibu na dirisha,
zimevimba kama mahamri.
"Na huo unyevu," akasema, "ni wa shilingi ngapi?"

Feni ndiyo iliyojibu, krr, krr.
Akafungua fundo la leso, akahesabu mia mbili
kwa noti za hamsini, zenyewe zimelowa,
akaziweka juu ya kibodi. "Punguza unyevu."
Ile kumi ya kitambulisho akailipa mbali,
maana hilo lilikuwa jambo jingine.

Usiku, kabla ya kufunga, nilikikunjua.
Nikafuta nne, nikaandika mbili.
Kisha nikaurudisha mshale mwanzo wa jina
nikaitia ile herufi niliyosema imeruka,
nisilale na uongo.

Asubuhi mashine iliamka, ikavipanga kama ada yake:
tona ya pili, kodi ya chumba, Swaleh (bado),
na pale juu kabisa, "Unyevu. 2,200."
Nikainuka
nikazisogeza rimu mbali na dirisha.