Dirisha la Sita

Amefika saa mbili kasorobo, sijafungua hata kufuli ya droo,
tikiti ya foleni ameikunja mara nne
kama noti ya mwisho ya mwezi.
Kwamboka Ondimu, kinasema kitambulisho.
Kwaboka, kinasema cheti.
Herufi moja imedondoka katikati,
pengo dogo, kama la jino la mtoto wa darasa la pili,
na kwenye pengo hilo Tume ya Walimu imekwama.

Anasimulia bila kuketi.
Tume ilimtuma Wizarani.
Wanasema jogoo la shamba haliwiki mjini;
hili la mjini, pale Jogoo House, liliwika hivi:
"Hiyo si kazi yetu, mama. Jaribu Baraza."
Usajili wa Watu walimwambia jina lake ni zima,
mgonjwa ni cheti.
Siku ya tatu sasa, analala kwa binamu yake Kawangware,
anatembea mpaka mjini
ili nauli ya kurudi Nyamira isiguswe.

Miaka kumi na saba amefundisha Kemia
kwa mshahara wa bodi ya shule:
mwezi wa kulipwa, miezi miwili ya kuahidiwa.
Ana arobaini na minne.
Barua ya ajira ndiyo hii, imekuja,
na mwisho wa kuripoti ni mwezi ujao, tarehe mosi.

Mimi ni mtu wa taratibu.
Nimemsomea: ada ya marekebisho ya jina,
nakala ya cheti cha kuzaliwa,
barua ya mwalimu mkuu, kiapo mbele ya wakili,
siku ishirini na moja za kazi.
"Za kazi" nimeitamka kwa sauti yangu ya dirishani,
ile iliyopigwa pasi.

Kisha nimeshuka chumba cha kumbukumbu.
Mwaka wa elfu mbili uko rafu ya chini, chini ya bomba linalovuja.
Fomu ya shule yake ipo.
Mwalimu mkuu aliandika kwa mkono, wino wa buluu,
na M imesimama, miguu yote ardhini.
Orodha ya chapa ndiyo haina.
Pembeni, kwa penseli, alama ya aliyeingiza majina:
Z.O.

Zablon Omuse. Kibarua, miaka ishirini na mitatu,
tai ya kuazima.
Ulikuwa mwaka wa mgao wa stima;
tulilipwa kwa kila majina mia
na vidole vilishindana na giza.
Simkumbuki. Hilo ndilo linalonikera.
Ile herufi niliila na nini?
Andazi? Chai ya mkopo?

Nimepanda ngazi, lifti imekufa tangu Jumatatu.
Nimemwambia kosa si lake, wala si la shule.
Akauliza polepole, kama mwalimu anayelijua jibu
ila anataka kulisikia kutoka dawati la nyuma:
"Na aliyekosea, yeye analipa shilingi ngapi?"

Nikasema, ni mfumo, mama.

Hakubisha. Amelipa kwa simu,
namba ya malipo akiisoma kwa sauti, tarakimu baada ya tarakimu,
halafu akairudia tangu mwanzo.

Faili lake nimeliweka juu ya mengine yote
na kuligonga muhuri wa HARAKA,
ambao huwa tunawawekea jamaa za wakubwa.
Tangu niajiriwe sijawahi kuugusa bila kuamrishwa.

Imebaki daftari ya marekebisho, safu ya mwisho: sababu.
Miaka yote hapo huandika, bila kufikiri,
kosa la uchapaji.
Leo nimeandika hivyo hivyo.
Halafu nimeirudia kalamu,
nimeifuta ile u,
nikaweka m.