Dura, Pia

Mimi ni Orsola, mfua vitambaa wa ukumbi wa maiti,
Pavia, penye ukungu hata saa sita mchana.
Husimama nyuma ya mlango na ndoo yangu,
na Kilatini cha Daktari Rovida
hunifikia kama mjomba aliyehamia mbali:
sura naijua, nguo siitambui.

Wapasuaji wa zamani walikuwa na njaa, naapa.
Fungua fuvu, utakuta kapu langu la Jumamosi:
lozi, zeituni, ganda la kokwa,
tunda la msonobari,
na faneli ya kumiminia divai.
Aliyeshiba akatafuta pa kulala,
akataja takia,
kisha chumba cha bibi arusi,
kisha (na hapa wanafunzi hugongana viwiko)
makalio mawili, na chini yake korodani.

Rovida hangoji kicheko kiishe.
Anaonyesha kwa kijiti cha mfupa
daraja lisilo na mto,
farasi wa bahari asiyejua chumvi,
tandiko la Kituruki.
Nani alilipanda, na akaenda wapi,
hilo hakuna aliyeliandika.

Asubuhi hii mezani alilala Gaudenzio,
kibarua wa mpunga kutoka Lomellina.
Homa ya vidimbwi ilimmalizia hospitalini
na kwao hapakuwa na fedha ya jeneza.
Kucha za miguu zilikuwa na tope bado.
Nilizisafisha. Haikuwa kazi yangu.

Huu utando wa kwanza, alisema Rovida, ni mama mgumu.
Mkasi uliguna juu yake kama juu ya ngozi ya kiatu.
Kaung'ang'ania mfupa, ukimwita haji.
Chini yake buibui ametandaza uzi,
na chini ya buibui, mama wa pili.
Waarabu ndio waliowaita mama;
huyu wa ndani walimwita mwembamba,
na mtawa mmoja aliyefasiri
(usiku labda, mshumaa umekwisha)
akaandika mcha Mungu.
Dura. Pia.
Wanafunzi waliandika bila kuinua vichwa.

Mimi yule wa pili sikumwona,
hadi Rovida aliponyanyua kwa kibano
kitu kama utando wa maziwa yaliyopoa.
Hakuwa ameruka mfereji hata mmoja.
Kila kunjo kaingia hadi chini,
na alipovutwa alitoa damu,
vidoa vidogo, vidogo.

Mchana Teodolinda akafika getini.
Ametembea tangu usiku wa manane.
Hakulia. Hakuuliza kichwa kimefanywa nini.
Alitaka viatu vya mti, basi:
mdogo wa marehemu anaingia shambani mwezi wa nne
na miguu yao ni kipimo kimoja.
Nikamwambia kimoyomoyo,
mama mgumu wewe,
mama wa kwenye mfupa.

Akavipindua kukung'uta uchafu.
Kikaanguka kifungu cha nyasi kavu
alizokuwa akitandika ndani mwanawe,
kimeshika umbo la kisigino.
Viatu akaviacha kwenye matope.
Nyasi akaziokota kwa vidole viwili,
polepole, kama mwenye kibano,
akazipitisha chini ya shali,
chini ya gauni,
chini ya shimizi,
mpaka penye ngozi.
Ndipo akaviokota na viatu, akaenda zake.
Hakuniaga.

Nimerudi kwenye beseni.
Maji ya Januari yanauma hadi kwenye viwiko
na vidoa havitaki kutoka.
Nasugua, nalitafuna lile neno la mtawa,
neno alilolikosea,
sijui kama alilikosea:
pia,
pia.