Safu ya Mwisho

Mizani naibeba mgongoni kwa mbeleko,
kama mtoto asiyekua.
Matope ya Cuchumatán yananinyonya viatu,
ukungu unanilamba shingo,
hadi kwa Ewul, nyumba ya juu kabisa,
pale njia inapochoka kabla ya mtu.

Nikaitundika kwenye boriti, kando ya mahindi ya mbegu.
Lolen akaning'inia ndani ya suruali ya turubai,
miguu ikielea. Hakulia.
Asiyelia ndiye anayenitisha.
Miezi kumi na minane, kilo saba na robo.
Utepe wa mkono ukasimama kwenye njano,
ukiichungulia nyekundu.

"Anakula nini?"
"Anakula."
"Nini?"
Kahawa kwenye chupa ya chuchu, sukari vijiko vitatu.
Chapati ya mahindi iliyochovywa kwenye kahawa.
Na kuku sita wakipitapita miguuni mwetu,
wanene kuliko sisi sote.

Mayai huteremka sokoni Jumapili,
yamevikwa maganda ya mahindi moja moja;
hurudi yamekuwa pakiti za tambi
na betri za tochi.
Palas yuko kaskazini, anapaka rangi nyumba za watu.
Akituma hela, ni za saruji.
Hapa patakuwa na ghorofa.
Nikaitazama ghorofa isiyokuwepo,
nikamtazama Lolen,
nikanyamaza.
Mimi pia kifungua mimba wangu nilimnywesha kahawa,
nikamsifu kwa majirani: mpole huyu, hasumbui.

Fomu ya mradi ina safu kumi na moja:
uzito, urefu, chanjo, choo,
maji yamechemshwa ama la.
Safu ya mwisho, Sababu,
nyembamba kama kijiti cha kiberiti.

Nikataja mchicha. Umejaa kando ya zizi,
unaota bila kuombwa.
Bibi Xhepel, mama mkwe, hakuinua uso mekoni.
"Mchicha hauingii chungu hiki."
Nikaandika: mila.
Tena kwa wino, Mungu anisamehe.

Siku ya kupika pamoja, mvua ilikata barabara.
Gari halikufika, wala mafuta ya kupikia,
wala mtaalamu na picha zake za vyakula.
Tulikuwa wanawake wanne, sufuria tupu,
na kikohozi cha mtoto wa mtu.
Nilikwisha shika kufuli la darasa
Xhepel alipotokea, maji yakimchuruzika ncha za nywele,
aproni ameifumbata kwa mikono miwili.
Akaimwaga mezani:
mchicha, na udongo wake mizizini.

"Mwaka wa askari," akaiambia sufuria, si sisi,
"mahindi yalichomwa yangali shambani.
Tulijificha huko juu miezi mitano,
tukiogopa hata moshi wetu.
Tulikula huu. Mbichi. Bila chumvi.
Niliuchuma mimi, binti yangu akaula,
akaharisha mpaka akaisha.
Nikasema, nikishuka hai,
mjukuu wangu hataonja chakula cha kujificha."

Hakuna aliyejibu.
Bati lilikuwa na mvua yake.

Kisha akaomba kisu.
Akauosha maji matatu, akaukatakata mwembamba,
akauliza, kama anayeuliza bei,
"Na yai, linaingia saa ngapi?"
Ewul akapeleka mkono kifuani
akatoa moja, lina joto,
la Jumapili.

Mwezi uliofuata: kilo saba na gramu mia sita.
Si muujiza. Bado ni mdogo,
bado homa moja tu ingemrudisha nyuma.
Lakini nilipomtia kwenye ile suruali
alinipiga teke la kidevu, akapiga yowe
hadi kuku wakatawanyika,
na Xhepel akacheka kwa ufizi:
"Msikie! Nani ana deni lake huyu?"

Nikafungua fomu.
Wino haufutiki; mila nikaikata kwa mstari,
nikaanza kuandika kwa herufi za sisimizi,
mahindi, askari, binti asiyetajwa jina,
nikapanda pembeni, nikaishiwa na ukingo,
nikaigeuza karatasi.
Nyuma yake ni nyeupe.
Bado naandika.